Valizi ya Shemeji

Valizi ile iliingia nyumbani kwa Mama Elsa mchana kweupe, kwa mlango wa mbele, ikiletwa na mwenyewe, na siku hiyo hakuna aliyeona ubaya wowote. Ilikuwa ya buluu, yenye magurudumu mawili yaliyokataa kabisa kuzunguka kwenye mchanga wa Kataki, mtaa wa Kalemie, kwa hiyo Ghislain alikuwa ameibeba kichwani, jambo ambalo kule Lubumbashi asingekubali kuonekana akilifanya.

"Shemeji, nimepata akili," alisema, akiitua sebuleni.

Mama Elsa, ambaye kanisani anaitwa Viviane, alikuwa anafunga ndagala wakavu, samaki wadogo wa ziwani, katika mifuko kwa ajili ya wachuuzi wa treni ya Kabalo. Aliinua macho kwa tahadhari. Tangu alipoolewa katika ukoo ule, kila mara Ghislain alipopata akili, kazi ilimwangukia mtu mwingine.

Akili yenyewe ilikuwa hii. Ghislain, mdogo wa marehemu mume wake, alikuwa mhasibu katika kampuni ya bima huko Lubumbashi, na mara mbili kwa mwaka alikuja Kalemie kupumzika, akilala katika nyumba ya wageni iliyo karibu na ziwa. Alikuja peke yake, maana mke wake Laetitia hakuzipenda ndege ndogo. Ndege hizo hupima mizigo kwa ukali kama duka la dhahabu: kilo chache ni za bure, na kila kilo inayozidi hulipiwa. Wakati wa kurudi, Ghislain alitaka kilo zake zote za bure zibebe samaki wa shemeji yake, na kaptula zake zilikuwa zinakula nafasi ya samaki.

"Angalia, Mama Elsa. Suruali ya ziwani iko na kazi gani Lubumbashi? Hakuna. Sasa kwa nini ipande ndege? Ibaki hapa iningojee. Miye nakuja mikono mitupu, narudi na samaki. Njo kusema valizi inabaki likizo, miye naenda kazi."

"Na miye nafanya nini?"

"Wewe hautafanya kitu. Inakaa tu."

Akaondoka na katoni ya ndagala begani, mwepesi na mwenye furaha, kama mtu aliyeishinda serikali.

Kitu kinachokaa tu kinahitaji mahali pa kukaa. Ghala ya nyuma ilikuwa na unyevu tangu ziwa lilipopanda na kuzimeza nyumba za chini ya mtaa. Sebuleni kulikuwa na panya, na panya wa Kataki si wa kuaminiwa: walikuwa wamekula kitabu cha nyimbo kuanzia Majilio hadi Pasaka. Mahali pakavu pasipofikiwa na panya palikuwa juu ya kabati tu, chumbani mwake. Mama Elsa alipanda juu ya kiti, akaisukuma valizi mpaka ikagusa ukuta, akashuka, akaisahau.

Hakuwa mtu wa kuogopa mzigo. Alizaliwa kwenye ufuko wa kaskazini, akaletwa Kalemie na baba yake mvuvi kwa mtumbwi wa injini, na hapo Christophe, kijana wa reli, akamwona na kumwoa. Waliishi vizuri. Christophe alipokufa, Elsa, binti yao wa pekee, alikuwa ameshaolewa Manono, na mjane akabaki na nyumba, biashara ya ndagala na redio moja.

Redio hiyo ndiyo iliyomleta Papa Norbert. Yeye pia alikuwa mtu wa kaskazini, mjane mwenzake, fundi wa injini za mitumbwi pale mto Lukuga unapotoka ziwani. Alikuja siku ya kwanza kutengeneza redio iliyokuwa imekufa kweli. Siku ya pili alikuja kuangalia kama inaendelea vizuri. Baada ya hapo alikuja na bisibisi yake jioni nyingi, akafungua redio nzima, akaifunga, akasema iko sawa, akanywa chai. Mama Elsa hakuuliza kwa nini redio iliyo sawa inahitaji fundi. Jioni hizo alikuwa ameanza kuoga mapema, na kuvaa kitenge cha kutokea.

Hatimaye Papa Norbert alisema. Hakusema mengi, si mtu wa maneno. Alisema kwamba wazee wake wangependa, baada ya Pasaka, kwenda kumsalimu Papa Banza. Papa Banza alikuwa baba mdogo wa marehemu Christophe na mkubwa wa ukoo, na mjane aliyeolewa na ukoo huo hawezi kuolewa kwingine mpaka Papa Banza aseme amemwachilia. Bila neno hilo Papa Norbert asingeposa hata kwa kusukumwa. Basi tumaini lote la Mama Elsa lilikuwa katika Jumapili moja ya baada ya Pasaka na kinywa cha mzee mmoja.

Wakati huo Ghislain alikuwa amekuja tena na kuondoka tena, na kila safari valizi ilinenepa. Aliongeza shati la maua, pasi ya makaa, ndoano na fimbo ya kuvulia ambayo haijawahi kuona maji, koti la kujiokolea la rangi ya machungwa, na kitabu kinene juu ya uongozi bora ambacho alikusudia kukisoma ufukoni. Kila alipoondoka alimshukuru Mama Elsa kwa kutofanya kitu.

Kisha ikaja masika. Mvua ilipenya kwenye bati, si nyingi, kiasi cha kulowesha kona moja ya kabati, na chumba kikaanza kunuka kama soksi ya askari. Mama Elsa aliishusha valizi, akaifungua, akashika kichwa. Ukungu ulikuwa umeota juu ya suruali zote. Mwanamke mwingine angeifunga tena na kusema haimhusu. Yeye alikuwa amelelewa na mama ambaye hakuweza kulala kama kuna nguo chafu nyumbani, hata ya mgeni. Alichota maji, akafua kila kitu kwa sabuni nzuri, akaanika. Kwa kuwa nyuma ya nyumba ndagala walikuwa wametandazwa, alianika mbele, kamba nzima, kuanzia mlangoni hadi kwenye mpapai.

Jirani yake Émérence, mke wa mvuvi, alisimama kwenye uzio na kikombe cha uji.

"Mama Elsa. Kamba yako leo inavaa suruali."

"Ni za shemeji."

"Nimeuliza miye? Nasema tu zimetakata." Akanywa uji kidogo. "Na shati la maua! Aah, shemeji iko muntu wa maua."

"Émérence, ni bagaji. Ndege inakataa kilo."

"Njo vile. Bwana yangu pia, mbele ya kunioa, mutumbwi wake ulikuwa unakataa kilo. Kila siku anaacha kitu kwetu."

Aliondoka akicheka, na hadi jua linatua Kataki yote ilikuwa imepita mbele ya kamba ile, wengine wakiwa na sababu ya kupita, wengine hawana.

Siku iliyofuata Papa Banza alifika. Alikuja na mama wawili wa ukoo, ambao walikuwa wanaimba tangu barabarani, na kuku wawili waliofungwa miguu. Mama Elsa, aliyekuwa na unga mikononi, alifikiri wamekosea nyumba.

"Mutoto wangu," alisema mzee, akikaa, macho yake yamejaa machozi ya heshima, "umetutoa aibu. Miye nilikuwa nasema, huyu iko wa kaskazini, hajue mambo ya kwetu. Kumbe unajua kila kitu."

"Nimejua nini, Papa Banza?"

Mzee alimweleza kwa upole, kama mtu anayemsomea mwanafunzi hodari somo alilokwisha kulijibu. Katika ukoo wao, mume akifa, mdogo wake hamwombi mjane kwa kinywa. Ni aibu kwa wote wawili. Analeta kitu chake cha mwilini, zamani mkeka au nguo, sasa chochote, anakilaza ndani ya nyumba ya marehemu, halafu anakwenda zake. Mjane akikataa, anakiweka nje. Akikiingiza chumbani, ukoo unanyamaza na kungoja. Akikifua na kukianika mbele ya watu, basi amekubali, na ukoo unakuja na kuku.

"Tulijua valizi iko mule tangu mwaka wa jana," alisema mmoja wa wale mama. "Tukasema, tusimukimbize. Apige moyo konde."

"Papa Banza, hapana! Ile ni bagaji! Ghislain ameiacha kwa sababu ya kilo za ndege!"

Mzee alitabasamu. "Kila muume iko na sababu yake ya kwanza, mutoto wangu. Baba yangu alilaza mukeka kwa mama yangu, anasema ni kwa sababu ya mvua."

"Na Papa Norbert? Wazee wake wanakuja Jumapili!"

"Usiwe na wasiwasi," alisema Papa Banza kwa furaha. "Nimeshamutumia habari. Nimemuambia kwa heshima nafasi imekaliwa."

Kuku walichinjwa hapohapo. Mama Elsa mwenyewe ndiye aliyewapika, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa na jiko limewaka, na kwa sababu mtu hawezi kuwafukuza wazee wenye njaa. Baadaye aliona kwamba hilo nalo lilikuwa kosa: lilionekana kama karamu.

Alikimbia hadi Lukuga. Papa Norbert alikuwa ameinama juu ya injini ya mtumbwi, mikono nyeusi kwa mafuta hadi kwenye viwiko.

"Papa Norbert, umesikia mambo ya uongo."

"Sikusikia tu. Nilipita." Hakuinua kichwa. "Niliona kamba nzima."

"Ni nguo za shemeji!"

"Njo ilivyosema habari ya mzee."

"Nilifua kwa sababu ya ukungu!"

Papa Norbert alikaza nati moja ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa. "Sina hasira na wewe, Mama Elsa. Lakini miye fundi. Nikikuta injini iko na mwenyewe, siifungue, ata kama haitembei. Kule Moba kuna muntu anataka nimuangalizie mitumbwi yake. Mwisho wa mwezi nitaenda."

Kwa mtu wa maneno machache, hayo yalikuwa hotuba. Mama Elsa alirudi nyumbani kwa mguu, akampigia simu Ghislain, akamwambia kwamba ukoo unasema yeye Ghislain ameshamrithi mjane wa kaka yake.

Ghislain alicheka mpaka simu ikakwaruza. Alisema yeye ana digrii. Alisema hizo ni desturi za watu wa kale ambao hawakujua ndege, na hata hajawahi kuzisikia, jambo ambalo lilikuwa kweli: alipelekwa shule ya bweni akiwa mdogo, na alichokumbuka juu ya ukoo wake ni majina na vyakula. Ndiyo maana, kwa kutojua, alikuwa ameitimiza desturi hiyo bila kosa hata moja, bora kuliko kijana yeyote wa kijijini.

"Basi njoo uitoe. Papa Banza anasema mwenyewe tu njo anaweza kuitoa, mchana, mbele ya wazee. Miye nikiitoa sasa, baada ya kuku, ni matusi kwa ukoo."

"Mama Elsa, nikate tiketi kwa kuja kuchukua kaptula? Fikiria. Nitaichukua Julai."

"Julai Papa Norbert iko Moba!"

"Papa Norbert njo nani?"

Mama Elsa alikata simu.

Usiku mzima hakulala, lakini kulipokucha alikuwa ametulia. Alioga, akavaa vizuri, akachukua ndagala wazuri katika sahani, akaenda kwa Papa Banza. Alipiga magoti kama bi harusi.

"Papa Banza, nimewaza. Kama mambo njo yamekuwa hivi, tuyafanye kwa adabu. Ghislain iko na bibi yake Lubumbashi. Yeye njo mukubwa. Itakuwaje nikae kwa bwana yake bila yeye kusalimiwa na muzee wa ukoo?"

Papa Banza aliguswa sana. Alisema hata wanawake waliozaliwa katika ukoo hawana adabu kama hiyo siku hizi. Mama Elsa akatoa simu yake, akatafuta namba ya Laetitia, akampa mzee, akakaa chini na kukunja mikono.

"Mutoto wangu Laetitia!" alisema Papa Banza kwa sauti ya baraka. "Ni baba yako wa Kalemie. Nakuletea habari nzuri. Sasa hauko peke yako. Uko na mwenzako."

Kisha sauti ikatoka katika simu ile ndogo, ikavuka ua, ikavuka uzio, na bata waliokuwa kando ya kisima wakahama. Papa Banza aliiweka simu mbali na sikio, akaitazama, akairudisha kwa Mama Elsa kwa vidole viwili.

"Anafurahi sana," alisema kwa shaka.

Ghislain alifika na ndege iliyofuata. Hakuwa na mzigo wowote isipokuwa uso wake, ambao ulikuwa umevimba kwa kukosa usingizi. Hakukaa wala hakunywa maji. Alimwuliza Mama Elsa valizi iko wapi, kwa sauti ambayo mtu hutumia kuuliza habari za nyoka aliyeonekana ndani ya nyumba.

Wazee walisimama mlangoni. Kataki nzima ilisimama nyuma yao. Mama Elsa aliisogeza valizi hadi kizingitini, nguo zote ndani yake zimepigwa pasi na kukunjwa, akaiacha. Ghislain akaiinua na kurudi nyuma nayo hatua kadhaa. Papa Banza alisema kwa huzuni kwamba kitu cha mwilini kimetoka, nyumba iko wazi, na mjane ni huru. Kisha akaongeza, bila kumtazama mtu, kwamba kuku hata hivyo walikuwa wamekwisha kuliwa.

Hapo Ghislain, ambaye alikuwa amesimama juani na mzigo mikononi, akapata akili tena. Macho yake yalitembea mpaka kwenye uzio wa jirani.

"Mama Émérence," alisema, "wewe iko na nafasi. Mpaka Julai tu..."

"Kwangu?" Émérence alipiga kofi. "Bwana yangu anavua usiku, anarudi asubuhi na kisu cha samaki mukononi! Akute suruali zako? Unataka kufa wapi, huku ao Lubumbashi?"

Kataki ilicheka mpaka mbwa wakabweka. Ghislain alipanda pikipiki kwenda uwanja wa ndege, na Mama Elsa akapanda nyingine nyuma yake. Alisema anamsindikiza. Ukweli ni kwamba alitaka kuiona valizi ikipaa kwa macho yake mwenyewe.

Bwana wa mizani aliiweka juu ya mizani na kuisoma namba mara mbili, kwa heshima. Pasi ya makaa, fimbo, kitabu cha uongozi bora: vyote viliwahi kuingia Kalemie kimoja kimoja, kila kimoja ndani ya kilo za bure, na sasa vilikuwa vinatoka pamoja. Aliposikia inavyozidi, Ghislain alifungua valizi palepale. Alivaa kaptula juu ya suruali, na suruali nyingine juu ya kaptula. Alivaa mashati mpaka mikono yake ikakataa kukunjika, la maua likiwa la mwisho. Kitabu alikisukuma tumboni. Jasho lilimtiririka kama mtu anayekiri dhambi. Mizani bado ilisema inazidi.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, akiinua lile koti la kujiokolea. "Hii tu. Ni nyepesi. Ata si nguo."

"Vaa," alisema Mama Elsa.

Akalivaa.

"Na ndagala?" aliuliza akiwa anasukumwa na mstari. "Laetitia angepoa kidogo kwa ndagala."

"Kilo zako zimeisha, shemeji."

Alipanda ngazi za ndege pole pole, mnene na wa rangi ya machungwa, akiwa tayari kuokolewa katika maji yoyote. Mama Elsa alibaki kwenye uzio mpaka ndege ikawa nukta juu ya milima.

Papa Norbert alikuja siku mbili baadaye, wakati mvua inanyesha. Alisimama mlangoni, maji yakimdondoka, boksi la vyombo mkononi. Alisema amesikia kwamba redio ina shida.

"Haina," alisema Mama Elsa. "Ingia."

Aliingia. Akavua koti lake la mvua, akaangalia kushoto na kulia, akaona msumari ukutani, akanyoosha mkono.

"Papa Norbert! Koti usitundike. Lishike."

"Limelowa, Mama Elsa."

"Lishike hivyo hivyo. Wazee wako wanakuja lini?"

"Jumapili. Nimeshamuambia yule wa Moba atafute fundi mwingine."

"Basi mpaka Jumapili, kila kitu chako kibaki juu yako."

Alikaa na koti lile juu ya magoti, suruali yake ya kanisani ikinyonya maji, akanywa chai kwa mkono mmoja. Alifungua redio, akaifunga, akasema iko sawa. Mvua ilipopungua alivaa koti, akachukua boksi lake, akaaga kwa adabu, akaenda.

Mama Elsa alirudi kutoa vikombe. Juu ya meza, kando ya redio, kulikuwa na bisibisi. Papa Norbert alikuwa fundi anayejulikana Lukuga yote kwa kutosahau chombo. Hata msumari aliuhesabu kabla ya kufunga boksi. Mama Elsa alitoka hadi mlangoni. Fundi alikuwa bado barabarani, mbele ya nyumba ya Émérence, akitembea bila haraka, shingo yake imekazwa ili isigeuke.

Hakumwita. Aliingia ndani, akaosha bisibisi kwa sabuni mpaka mafuta yote yakatoka, akaifuta kwa kitambaa safi. Kisha akapanda juu ya kiti na kuiweka juu ya kabati, mahali pakavu, ambapo panya hawafiki.